Betri ya Kompyuta na Unga wa Maandazi

Wacha niseme mwenyewe, maana jamaa yangu ameshasambaza voisi kila kundi akidai nimekaanga kompyuta kwenye mafuta ya maandazi. Hakuna kilichokaangwa! Mafuta yalikuwa kabatini, yamefungwa.

Mashine yangu mnaijua, ile kuukuu yenye prosesa ya Intel Q6600, mnayoiita jenereta. RAM, ile kumbukumbu ya muda, ilikuwa 2GB: ukifungua kurasa nne za intaneti unaenda kuoga, ukirudi bado inawaza. Nikaenda Kariakoo, na hapo jamani nipeni haki yangu, nilikuwa makini. Muuzaji wa kwanza alinitolea kipande kimoja cha RAM aina ya DDR2, inayoingia kwenye mashine yangu, cha 4GB kwa bei ya kutupa. Nikakigeuza, nikamrudishia, kwa sababu vile vya bei chee aghalabu ni vya mazabodi (bao kuu za kompyuta) za prosesa za AMD tu, ukivitia kwenye Intel havisomi. Wa pili akaleta DDR3, kizazi kilichofuata, akaapa "inaingia tu, boss, kandamiza." Pini kweli ni 240 zote mbili, ila ule mkato hauko mahali pamoja. Kandamiza mwenyewe! Nikachukua viwili vya 2GB, DDR2-800. Vikaingia, vikasomeka, 4GB safi. Ningelala saa ile, leo msingekuwa na cha kucheka.

Sikulala. Prosesa ile kasi yake ni 2.4GHz, yaani basi (mapigo ya msingi ya mashine) ya megahezi 266 mara 9. Ukiipandisha basi hadi 333 unapata 3.0GHz bure. Mimi na neno "bure" mnatujua. Nikaingia kwenye bayosi (mipangilio ya msingi ya mashine), 266 ikawa 333, nikahifadhi, nikatoka. Uwiano wa RAM nikauacha ulivyo. (Wajuzi mmeshaanza kucheka. Wengine: RAM ilikuwa inapanda pamoja na basi, kwa hiyo ile ya 800 ikaambiwa ikimbie 1000.)

Kioo cheusi. Feni zinavuma. Halafu piiiiiip. Kimya. Piiiiiip.

Saa saba usiku hiyo, na mashine iko koridoni kwa sababu chumbani kwangu ni joto. Nyumba ya wapangaji, milango inatazamana. Akatoka baba wa chumba cha mbele na panga. Mkewe nyuma yake anauliza gesi inavuja wapi. Kisha akatoka mama mwenye nyumba, hakuuliza kitu, akaenda moja kwa moja kwenye beseni lake la maandazi ya asubuhi, akafunua khanga kuangalia unga umefika wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kinalia nini?"

"Kompyuta, mama. Nairudisha ilivyokuwa."

"Irudishe basi, watu walale."

Nikachomoa waya wa umeme. Dawa yake ni kutoa ile betri ya duara kwenye mazabodi, bayosi isahau upuuzi wote niliouandika. Imeshikwa na kijiulimi cha chuma. Bisibisi ndogo sikuiona, nikachukua kisu cha vitunguu. Watu wamenizunguka, jamaa yangu ananimulika na simu (sasa najua haikuwa tochi peke yake). Nikasukuma kijiulimi, hakitaki. Nikainama zaidi, nikakaza, na ulimi wangu nimeutoa nje, upo kwenye video.

Tik.

Betri ikaruka. Naiona mpaka sasa. Ikapanda inazunguka, inameta, ikapita mbele ya pua ya baba mwenye panga, ikafika juu kabisa, ikatulia kama inachagua pa kwenda, ikashuka. Tukasubiri ilie sakafuni. Haikulia. Tukatazamana. Kisha sote, polepole, tukatazama beseni. Katikati ya unga kulikuwa na kitobo kidogo, na kilikuwa kinajifunga, maana hamira ya mama haina mchezo.

"Umetia nini kwenye unga wangu?"

"Betri, mama."

"Betri ya nini?"

"Ya... saa. Inatunza saa ya kompyuta."

"Ahaa. Kwa hiyo sasa unga wangu unajua saa ngapi."

Baba wa chumba cha mbele akaweka panga chini ili acheke vizuri.

Mengine nayapitia mbio. Tukapekua, betri ikapatikana, unga ukatupwa wote, kwa sababu betri zile mtoto akimeza zinaunguza koo na hilo halina utani. Nikalipa unga, sukari, hamira, iliki, tui, na yale mafuta ambayo hayakuguswa. Mashine ikawaka, 2.4 kama zamani, ila inaamini tuko 2009 na kila tovuti inaambiwa cheti chake si halali. Wateja wa asubuhi wakaelekezwa dirishani kwangu. Mwalimu mmoja kagonga saa kumi na mbili anataka maandazi manne, "yale ya chaji."

Usiku huu najaribu tena. Safari hii RAM naiweka sawa na basi, uwiano wa moja kwa moja, ikimbie 667 (333 mara mbili, ndivyo DDR2 inavyohesabiwa), chini ya uwezo wake, ndipo nipande 333. Mama kapata habari. Beseni limehamia chumbani kwake, na kisu changu cha vitunguu tangu jioni sikioni.