Meza ya Ngozi ya Kilo Hamsini

Meza yenyewe ni ya mninga, tuliirithi kwa marehemu bibi pamoja na jogoo mmoja na deni dukani kwa Mangi. Mbao nzima, ila uso umejaa alama za sufuria. Wiki moja kabla ya baba mkwe kuja kwetu Tabata kwa mara ya kwanza, nikaenda Keko kuulizia meza mpya. Fundi akanitajia bei. Nikamuuliza njia ya kurudi kituoni.

Usiku huo nikaona video kwenye simu: jamaa anaivalisha meza kuukuu ngozi ya bandia kwa karatasi ya kaki. Unaichana vipande kwa mkono, si kwa mkasi, maana ukingo uliochanika ni mwembamba na hauonekani ukimlalia mwenzake. Unaifinyangafinyanga mpaka ikunjamane, unainyoosha, unaipaka gundi nyeupe iliyozimuliwa maji, unabandika. Ile mikunjo ndiyo ngozi yenyewe. Ikikauka, rangi ya kahawia, kisha vanishi.

Kaki ya bure mjini hapa ni mfuko wa saruji. Jirani alikuwa anamwaga zege, akanipa mifuko mitatu bila hata kuuliza. Karatasi ile hata ilowe haifumuki. Tabaka la ndani ni safi, la nje ndilo lenye maandishi. Nikaanza na la ndani, kazi ikaenda vizuri, nikawa napiga na mluzi. Saa mbili umeme ukakatika. Nikaendelea na tochi ya simu mdomoni, na vipande vya ndani vilipoisha nikaingia vya nje, nikivigeuza maandishi yalale chini. Vyote. Nilidhani vyote.

Kumekucha, katikati ya ngozi yangu, pale pale anapokaa mgeni, pameandikwa kwa wino mwekundu: 50 KG. Nikijaribu kukibandua kipande hicho, kinakuja na ukoo wake wote. Hela ya rangi na vanishi ilishakuwa kuku. Nikachukua dawa ya viatu ya kahawia, makopo mawili, na soksi isiyo na mwenzake, nikasugua hadi maandishi yakazama. Meza ikang'aa kama buti la askari.

"Baba Nasra," mke wangu akasema akiziba pua, "mbona sebule inanuka gwaride?"

Baba mkwe akaingia Jumapili na kanzu nyeupe pe. Mzee wa Kondoa, kafuga ng'ombe maisha yake yote. Joto la Februari, umeme hakuna, feni inatutazama tu. Akaketi, akaweka kiwiko mezani, akaipapasa.

"Mkwe, hii ni ngozi?"

"Ngozi, baba." Ningeishia hapo. "Ya ng'ombe wa huko huko kwenu."

Mke wangu akapaliwa na chai.

Sasa mzee yule akisimulia jambo, mkono nao unasimulia. Akaanza habari za ukame, kiwiko kikaenda na kurudi. Akafika kwenye fisi aliyevamia zizi, kiwiko kikakimbia na fisi. Mimi macho hayatoki mezani. Jasho lake na lile joto vimelainisha dawa, na chini ya mkono wake naona nundu ya tano inachungulia. Nikasogeza sahani ya maandazi kuifunika. Akala maandazi, akairudisha sahani pembeni. Sifuri ikatoka. Fisi alipouawa, KG nayo ilikuwa nje.

Mzee akanyamaza. Akavaa miwani, akainama, akasoma taratibu. Kisha akanyanyua mkono: kutoka kiwiko hadi kifundo, kanzu imekuwa kahawia.

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Ng'ombe wa kilo hamsini kwetu tunamwita mbuzi."

Akautazama ule mkono wa kanzu, akaitazama meza, akanitazama mimi.

"Na wale wawili wa mahari unaodaiwa, nao utawatoa duka la vifaa vya ujenzi?"