Sahani Kumi na Mbili

Miaka ya tisini, nilipoanza kukusanya santuri za muziki wa dansi, wenyewe tukiziita sahani, duka langu lilikuwa miguu. Unapanda basi hadi Mpwapwa au Kondoa, unapiga hodi uani kwa watu, unaamkia, unasifia kuku, unapewa togwa. Ukishaimaliza ndipo unauliza, kwa upole, kama marehemu mzee aliacha sahani zozote. Nje kidogo ya Mpwapwa niliwahi kuikuta moja inaning'inia kwenye kamba katikati ya shamba la uwele, inafukuza ndege. Nyingine ilikuwa kifuniko cha mtungi.

Lakini unaishika mkononi. Unaigeuza juani, mikwaruzo yote unaiona, halafu mnapatana. Na lazima uitazame pande zote mbili, kwa sababu hizi ndogo za 45, yaani za mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja haubebi wimbo mzima wa dansi. Sehemu ya kwanza huku, unageuza, sehemu ya pili kule, na chemko lote, pale muziki unapochangamka watu wacheze, liko nyuma. Nyuma pakiharibika, umepewa salamu ukanyimwa ugali.

Kisha zikaja simu za kuperuzi. Nikagundua santuri zetu, zilizochapwa Nairobi kwa kuwa kwetu hapakuwa na mtambo, zinauzwa na watu wa Uingereza kwa bei ya mbuzi, na nauli ya posta ni mbuzi wa pili. Nikaona nami niwe wa kisasa, ila wa hapa hapa. Nikaketi barazani kwangu Chang'ombe, hii ya Dodoma, nikabandika tangazo mtandaoni: "Nanunua sahani za zamani, za miaka ya sabini, ziwe nzima. Nalipa vizuri." Neno "muziki" sikuliweka. Nilijiambia anayejua anajua.

Siku ya tatu akapiga mama mmoja wa Singida. Tangazo kasomewa na mjukuu. Yeye mwenyewe ana kitochi, picha hawezi kutuma.

"Shikamoo mama. Zipo ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Kumi na mbili. Nilitunzwa kwenye harusi yangu, 1976."

Moyo ukaanza kwenda mbio. "Zina mikwaruzo?"

"Itakosekanaje? Lakini watoto siwaruhusu kuzigusa. Nazitoa sikukuu tu, na watu wanafurahi mno."

"Na Mbaraka yumo?" Nilikuwa namuulizia Mbaraka Mwinshehe, yule mwanamuziki wa dansi.

"Baraka zipo tele, mwanangu. Nimekaa na mzee miaka arobaini."

Sikutaka kusikia zaidi. Nikataja elfu kumi kwa sahani moja. Akanyamaza. Nikadhani ameona ndogo, nikapandisha hadi elfu kumi na mbili. Akanyamaza tena, safari hii nikasikia anamwita mtu aje asikilize. Nikatuma laki moja na elfu arobaini na nne, pamoja na ya kutolea.

Ilikuwa Oktoba, na Dodoma ya Oktoba mnaijua. Mzigo ukaja na kibasi, boksi la sabuni limefungwa kanga. Konda alinikabidhi kwa mikono miwili. "Mama alisema ni vitu vya harusi, nisivitupe nyuma. Nimeviweka hapa mbele, juu ya injini, vimekaa kama mfalme."

Nikafungua palepale stendi, wabeba mizigo wamenizunguka. Ikatokea sahani ya bati. Nyeupe, ukingo wa buluu, ua jekundu katikati. Sahani ya kulia wali.

Nikapiga simu. "Mama, hizi ni za kulia chakula!"

"Sasa mwanangu, sahani ni za nini?"

"Mimi nilitaka za muziki!"

"Aaa, santuri! Si ungesema santuri? Za mzee zilikuwepo, nimezipachika katikati ya hizo sahani zisikwanguane rangi. Zile sikukuhesabia, ni za bure."

Nikainua sahani ya kwanza. Chini yake, santuri. Nikainua ya pili, santuri. Zilikuwa kumi na moja, maana katikati ya sahani kumi na mbili nafasi ni kumi na moja, mama hakukosea hesabu. Karatasi ya katikati inasomeka vizuri, na ya nne ina jina la Mbaraka kabisa. Ila kwa ule moto wa injini kuanzia Singida, kila moja ilikuwa imelainika ikalalia sahani yake, ikabonyea katikati na kunyanyuka pembeni. Mbeba mizigo mmoja aliichukua, akaipima kwa jicho, akasema hii inafaa kwa kachumbari.

Nilijaribu kuipiga ya Mbaraka nyumbani. Sindano ilipanda kilima, ikashuka, ikapanda, gitaa likilia kama mtu anayetapishwa na basi, kisha ikaruka ikatua nje.

Mama watoto alikuwa jikoni anaosha bati zangu, anazigeuza taani kama nilivyokuwa nikigeuza santuri. Jioni akazipakulia pilau.

"Siku hizi bati nzito hivi hazipatikani. Umenunua ngapi?"

"Elfu mbili moja," nikasema, macho kwenye nyama.

"Elfu mbili?" Akaniletea simu yangu. "Mpigie huyo mama. Agiza kumi na mbili nyingine."