Kubusu Mkono: Adabu au Kujidhalilisha?

Lamu wakati wa Maulidi, kwenye Msikiti wa Riyadha aliouasisi Habib Saleh, si ajabu kumwona mzee mwenye mvi akiinama kuubusu mkono wa sharifu, mtu wa ukoo wa Mtume, aliye mdogo kwake kwa umri. Mmoja huona hapo adabu aliyolelewa nayo tangu utoto. Mwingine hukunja uso: mtu ainamiwe kwa nasaba tu?

Wanaopinga hawakosi hoja. Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwa sahaba Anas kwamba Mtume aliulizwa kama mtu amwinamie ndugu yake wakikutana, akasema hapana. Amkumbatie na kumbusu? Hapana. Ampe mkono? Ndiyo. Wanaotetea nao wanayo hadithi ya Abu Daud: Fatima akiingia, baba yake alisimama, akamshika mkono na kumbusu, na Fatima alimfanyia vivyo hivyo. Binafsi napenda kwamba hapo busu linakwenda pande zote mbili.

Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Kiislamu, ndiye aliyelipasua jambo hili vizuri. Kwake, kubusu mkono wa mtu kwa elimu au uchaji wake kunapendeza. Kuubusu kwa mali, nguvu au cheo chake ni karaha kubwa. Shida ni kwamba kwa macho huwezi kutofautisha. Anayeinama kwa mapenzi na anayeinama kwa kutafuta fadhila wanainama sawasawa. Na anayedhani baraka imo mkononi kwenyewe akumbuke maneno ya Khalifa Umar mbele ya Jiwe Jeusi la Kaaba: wewe ni jiwe tu, hudhuru wala hunufaishi, na lau nisingemwona Mtume akikubusu nisingekubusu.

Mjadala huu si wa Waislamu peke yao. Machi 2019, huko Loreto, Italia, Papa Fransisko alionekana akiuvuta mkono wake waumini wengi walipotaka kuibusu pete yake. Vatikani ilieleza kuwa alihofia kuambukizana vijidudu kwenye foleni ndefu. Haikufika wiki tatu, tarehe 11 Aprili, yeye mwenyewe alipiga magoti na kubusu viatu vya Salva Kiir, Riek Machar na viongozi wenzao wa Sudan Kusini akiwasihi walinde amani. Wapo Wakatoliki walioona amejishusha kupita kiasi. Mimi naona busu hilo lilikuwa na uzito kwa kuwa hakuna aliyeweza kumlazimisha.

Lakini busu la mkubwa si lazima liwe la unyenyekevu. Tarehe 20 Agosti 2023, Sydney, Luis Rubiales, wakati huo rais wa shirikisho la soka la Hispania, alimbusu mdomoni mchezaji Jenni Hermoso wakati wa kukabidhi medali za Kombe la Dunia la Wanawake. Alidai walikubaliana, Hermoso alikana. Februari 2025 mahakama ilimtia hatiani kwa unyanyasaji wa kingono na kumtoza faini ya zaidi ya euro 10,000.

Kwa hiyo swali ninalomuuliza sharifu si kama mkono wake unabusiwa, bali nini kinampata asiyeubusu. Wapo masheikh ambao midomo ikikaribia tu huuondoa mkono haraka; kwao sina neno. Ila pale ambapo aliyetoa mkono na kusalimu bila kuinama atasemwa barazani hadi Isha, wanaopinga wana haki ya kuendelea kupiga kelele.