Mshumaa wa Pasaka hauwashwi juani

Juma Kuu likikaribia, parokia nyingi za Kikatoliki hubishana jambo lile lile: Mkesha wa Pasaka, ibada ya usiku wa kuamkia Jumapili ya Pasaka, uanze saa ngapi? Wapo wanaotaka saa 11 jioni ya Jumamosi Kuu, waumini wawahi daladala. Wanaong'ang'ania giza huonekana watu wagumu, wapenda kanuni.

Hofu ya wale wa jioni si ya kupuuza. Masomo tisa, ubatizo wa wakatekumeni (wale walioandaliwa kubatizwa), kisha Misa yenyewe. Hapo saa tatu zimekwisha. Bibi mwenye mkongojo atarudi na nani kigangoni? Ila kanuni yenyewe imelegeza: masomo saba ya Agano la Kale yanaweza kupunguzwa hadi matatu, mradi lile la kuvuka Bahari ya Shamu lisiachwe.

Giza ni jambo jingine, hilo halilegezwi. Kwa karne kadhaa mkesha huu uliadhimishwa Jumamosi asubuhi. Shemasi aliimba Mbiu ya Pasaka, wimbo wa kutangaza ufufuko, "usiku huu ndio", "usiku huu ndio", huku jua likipenya madirishani na kanisa likiwa karibu tupu. Papa Pius XII aliruhusu majaribio ya kuurudisha usiku mwaka 1951, akaamuru rasmi mwaka 1955. Waraka wa Vatican wa 1988 ukakemea waziwazi kuuadhimisha saa zile za Misa ya Jumamosi jioni, ile inayohesabiwa kuwa ya Jumapili. Usianze kabla usiku haujaingia, basi.

Na sisi usiku unatuwahi! Nairobi jua huzama karibu saa 12 na nusu mwaka mzima. Dar es Salaam mwezi Aprili tofauti ni ya dakika chache tu. Machweo yetu hayana ukawiaji: saa 1 na robo giza limeshika. London, Pasaka ikiangukia katikati ya Aprili, jua huzama karibu saa 2 usiku, na giza kamili linasubiriwa hadi karibu saa 3. Wao wana sababu ya kulalamika. Sisi tunagombania tofauti ya saa mbili na ushei kati ya saa 11 na giza, na kwa saa hizo tunauza moto unaowashwa gizani, mwali mmoja ukigawanywa mshumaa kwa mshumaa hadi kanisa zima ling'ae. Saa 11 jioni, ukiwasha huo moto, wa nyuma wanauona moshi tu.

Parokia inayoweza kukodi basi la kwenda hija haiwezi kushindwa kukodi moja la kuwarudisha wazee saa 4 usiku.