Mnaoicheka Chumvi na Sukari

Jumamosi nilikuwa kwenye benchi la kliniki moja huku Kisauni, mpwa wangu kanilalia mapajani, anaharisha tangu alfajiri. Nesi akatupa pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji. Mama aliyekaa pembeni akaguna: "Chumvi na sukari? Si ningebaki kwangu! Wangu atundikiwe dripu." Nilinyamaza kwa heshima. Hapa sinyamazi.

Mamangu, ile sukari si ya utamu. Kwenye utando wa seli za utumbo kuna protini iitwayo SGLT1, na ina maringo. Glukosi, ndiyo hiyo sukari ya kwenye pakiti, ikija peke yake, haipiti. Inataka chembe 2 za sodiamu, ile ya kwenye chumvi, na 1 ya glukosi. Wakitimia, inajikunja: mdomo wa upande wa utumbo unafumba, wa upande wa seli unafumbuka, abiria wanashuka. Midomo yote miwili haiachwi wazi kwa pamoja. Ni kama feri ya Likoni, ila feri huvuka; hii imekaa palepale, inageuza umbo tu. Chumvi ikishaingia, maji huifuata.

Na sodiamu inakimbilia ndani kwa nini? Kwa sababu mgongoni mwa seli kuna pampu inayoitupa nje mchana na usiku, ndani ibaki haba: sodiamu 3 zitoke, potasiamu 2 ziingie, na kila mzunguko unakula chembe moja ya ATP, mafuta yanayoendesha seli. Mwanasayansi Jens Skou wa Denmaki aliielezea 1957, Nobeli akapewa 1997. Wakandarasi wanaoidai serikali watamwelewa.

Sasa sikia linalonitoa machozi: kipindupindu, kinachomfungulia mtoto maji kama bomba lililopasuka, hakiuharibu mlango huu wa SGLT1. Nyumba inavuja kila upande, mlango mmoja mzima, na ufunguo wake ni vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vya kusawazisha, kwa lita moja ya maji safi. Halafu mtu anaguna!

Haya, mtoto akilegea au akitapika kila anachomeza, dripu ndiyo. Nimekubali. Soda je? Sukari tele, chumvi haba. Inavuta maji yarudi utumboni. Acheni.

Wetu tulimnywesha kijiko kijiko palepale kwenye benchi. Adhuhuri akafumbua macho: "Mjomba, nataka mahamri." Yule mama tulimwacha bado yuko kwenye foleni.