Asajili koti lipi?

"Sajilini miundo yenu, yaani sura za nguo mnazobuni, mtalindwa," wakili alituambia kwenye semina moja hapa Kampala, kisha akaenda kunywa chai. Mafundi wa Owino, soko la nguo kuukuu, tuliokaa nao nyuma walibaki wakitazamana. Dada mmoja huunga jinzi za mivumba, yaani mitumba, na pazia kuukuu akapata koti. Kesho robota jingine likifunguliwa, vitambaa ni vingine na koti halifanani na la jana. Sasa asajili lipi? Alipe ada, apeleke michoro, asubiri cheti cha nguo iliyokwisha kuuzwa Ijumaa?

Sheria yetu ya Mali ya Viwandani ya 2014 inamfaa mwenye kiwanda cha viti vya plastiki, anayefyatua maelfu ya sura moja. Fundi wa kipande kimoja kimoja haimwoni kabisa. Na anachoibiwa si kitambaa, ni akili: mfuko wa nyuma wa jinzi kaugeuza kola, mishono kaiacha nje makusudi. Mwenye duka anapiga picha kwa simu, anaituma ng'ambo, na baada ya muda yanakuja makoti ya poliesta, sura ile ile, bei ya kutupwa. Na kweli yatatupwa! Aliyeokoa taka anafilisika, aliyeleta taka mpya anajenga ghorofa.

Umoja wa Ulaya, tangu 2002, muundo usiosajiliwa hulindwa miaka 3 tangu uonyeshwe hadharani. Hakuna fomu wala ada. Unachoweza kuzuia ni kunakiliwa tu. Kwa mitindo, miaka 3 inatosha na kubaki. Kwa nini sisi tusiwe nayo?

Mtaniambia Sheria ya Hakimiliki ya 2006 imetaja sanaa za matumizi, yaani vitu vya kutumika vilivyobuniwa kisanaa. Haya, imetaja. Nenda kamweleze mwenye duka kuwa koti la mivumba ni kazi ya sanaa, uone atakavyocheka.

Nembo za kampuni zilizobaki kwenye jinzi hizo ni kesi nyingine, ya alama za biashara. Wenye nembo wana hoja, kidogo. Lakini mbunifu wa mitindo Bobby Kolade, mwenye chapa ya Buzigahill hapa Kampala, anazigeuza nguo hizi na kuwauzia tena watu wa nchi zilizotuletea, nami nampigia makofi.

Bunge likiifungua Sheria ya Mali ya Viwandani, liongeze na kifungu cha matengenezo, kama Ulaya walivyofanya 2024, ili fundi wa Kisekka, soko la vipuri vya magari, anayechonga bampa la kulirudishia gari sura yake asiitwe mwizi.