Wamama wa Buganda hawamo kwenye noti za chuo

Mpwa wangu yuko mwaka wa kwanza chuoni. Wiki iliyopita alikuja kwetu Walukuba, hapa Jinja, Uganda, na rundo la noti za fotokopi za utangulizi wa saikolojia na sosholojia. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Umeme ulikatika tangu saa kumi jioni, basi tukakaa barazani, yeye na tochi ya simu, mimi nikimuuliza maswali, na mama yangu pembeni amempakata mwanangu wa miezi kumi.

Nikamuuliza kuhusu kushikamana kwa mtoto na mlezi. Akajibu bila kupumua: Mary Ainsworth, Marekani, mji wa Baltimore, chumba chenye vitu vya kuchezea, mgeni anaingia, mama anatoka, mtoto analia, mama anarudi. Kisha aina za watoto, moja baada ya nyingine, kama anayesoma bei sokoni.

Mama akaacha kumbembeleza mtoto. "Amwache na mtu asiyemjua, makusudi? Kwani huyo mtoto alimkosea nini?"

Mpwa wangu akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile lilikuwa zuri kuliko noti zote. Noti zile zilipigwa fotokopi ya fotokopi hadi herufi zikafifia, na hazikuwa na hata mstari mmoja unaosema kwamba habari hii haikuanzia Baltimore. Ilianzia hapa, mwendo wa saa chache tu kutoka barazani kwetu.

Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954. Mumewe alikuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere, naye akafuatana naye akitokea London, alikokuwa akifanya kazi na John Bowlby, daktari aliyechunguza watoto wanaotenganishwa na mama zao. Akatafuta mkalimani, akaanza kuzunguka vijiji vya Waganda, wenyeji wa Buganda, karibu na Kampala. Familia 26, watoto 28. Kila nyumba aliirudia baada ya wiki mbili hivi, akakaa kama saa mbili. Alikuwa akienda mchana, saa ambazo wamama wa Kiganda hupokea wageni sebuleni. Aliyewahi kuingia nyumba ya Kiganda mchana anaijua picha hiyo: mkeka, salamu zisizoisha, na mtoto anayetambaa kati ya miguu ya wageni.

Alikuja na swali lake mfukoni. Alikuwa amesikia kwamba Waganda, mtoto akiachishwa ziwa, humpeleka kwa jamaa siku kadhaa ili alisahau ziwa, naye alitaka kuona utengano huo unamfanyaje mtoto. Akakuta desturi yenyewe imeshapungua sana. Swali likamfia mikononi, akabaki na kazi ya kutazama tu, na kutazama kukamlipa. Akaona mtoto anamwacha mama, anakwenda kuchunguza viatu vya mgeni, anageuka kuhakikisha mama bado yupo, anarudi kumgusa goti, anaondoka tena. Akaona mama akinyanyuka kutoka chumbani mtoto anamfuata kwa kilio. Akasikiliza pia. Wamama walioweza kumsimulia habari za watoto wao kwa undani, vitu vidogo vidogo, ndio ambao mara nyingi watoto wao walikuwa wametulia zaidi kwao.

Hapo namkumbuka mama yangu, anayejua kwamba mwanangu hujikuna sikio la kushoto dakika chache kabla ya usingizi. Mimi baba yake nilikuwa sijaliona hilo.

Sasa sikiliza ninachoona ni utamu wa habari nzima. Aliporudi Marekani na kuanza kutazama watoto wa Baltimore majumbani mwao, mambo yale hayakuonekana waziwazi. Watoto wa kule walikuwa wamezoea mama kuingia na kutoka, hawakushtuka sana. Ndipo akatengeneza kile chumba kigeni, na mgeni wake, na dakika zake zilizopimwa, ili kuwatikisa kidogo watoe kile ambacho watoto wa Buganda walikitoa bila kutikiswa. Kwa hiyo chumba maarufu ambacho wanafunzi wetu wanakikariri usiku kucha ni mbadala wa sebule ya Kiganda. Na sebule hatuisomeshi.

Sipigi kifua. Wale wamama hawakuandika kitabu, wala hawakuchagua swali, na majina yao hatuyajui. Wala kuzaliwa hapa hakulifanyi jaribio lile la chumba kigeni litutoshe. Lina mama mmoja na mgeni mmoja. Mtoto wangu ana mama aliye sokoni hadi saa mbili usiku, ana bibi, ana dada zake wawili, ana jirani anayemchukua bila kuomba ruhusa. Mgeni kwake ni nani? Hilo lingekuwa swali zuri la mtihani, lakini halijibiki kwa kukariri, na pengine ndiyo sababu haliulizwi.

Kuna vingine vya namna hiyo. Mwanasaikolojia Mallory Wober aliwauliza watu wa hapa, miaka ya 1970, akili ni nini. Kwa Waganda, obugezi, yaani akili kwa Kiganda, uliendana na utaratibu, kutokurupuka, kufikiri kabla ya kutenda. Mpwa wangu kaambiwa akili hupimwa kwa maswali mengi katika dakika chache. Bibi yake angeitwa mjinga kwa kipimo hicho, naye ndiye tunayemngoja aseme kila kikao cha ukoo kinapokwama.

Sonona nayo, huzuni inayogeuka ugonjwa. Noti zinaorodhesha dalili tisa. Kwa Kiswahili tukisema mtu "ana mawazo", kila mtu anaelewa kwamba hali chakula vizuri na hapati usingizi, na hakuna anayedhani ana mipango mizuri. Watafiti waliofanya kazi Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe maradhi hayo wanayaitaje, wakapewa majina mawili: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia. Kisha katika vijiji 30 wakajaribu tiba ya kukaa kikundi na kuzungumza kwa wiki 16, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha nafuu kubwa kwa waliotibiwa. Mpwa wangu ni mzaliwa wa Masaka. Alikuwa hajawahi kusikia.

Tulipofika kwenye sosholojia nilidhani tutapumua. Unyanyapaa: Erving Goffman, 1963. Akanipa maana yake neno kwa neno. Nikamwambia nipe mfano. Akanipa wa Marekani.

Huyu ni binti ambaye shule ya msingi waliacha kumwita kwa jina, wakamwita "Mswahili", na hawakuwa na maana ya lugha. Walimaanisha mhuni. Mimi mwenyewe niliwahi kupokea simu ndani ya teksi, basi dogo la abiria, Kampala, nikamjibu mke wangu kwa Kiswahili, na mama aliyekaa karibu nami akahamisha mkoba wake kutoka paja la kulia kwenda la kushoto. Hakuniangalia hata mara moja. Simlaumu sana. Kizazi chake kilikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na katika masikio ya wengi kikabaki na harufu ya kambi. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, baraza la mawaziri likaamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, na bado mkoba unahama paja. Sheria inabadilika kwa siku moja ya kikao. Paja halina kikao. Ukitaka kumfundisha Mganda au Mswahili wa nchi hii alama ya kijamii inavyomng'ang'ania mtu, mfano unao kwenye teksi ya shilingi elfu mbili.

Nilikuwa bado napiga porojo hizo jirani alipoingia kuomba moto wa kuwashia sigiri yake. Mama akampa mtoto, kama kawaida, akaingia ndani kutafuta koleo. Mtoto akamtazama jirani, akautazama mlango, mdomo ukaanza kutetemeka, lakini akajizuia. Mama akakohoa huko ndani. Hapo ndipo alipoangua kilio.

Mpwa wangu alimulika tochi mlangoni, akamulika noti, akaandika kitu pembeni kwa penseli.

"Mjomba," akasema, "nikiandika Kampala badala ya Baltimore, watanipa maksi?"

Nikamwambia aandike zote mbili. Akauliza ni ipi atangulize, na hapo mama akarudi na koleo la makaa akataka tumpishe njia.